Kijiko Kimoja Tu

Seli zilizokuwa zikioteshwa ndani ya chupa zilitoka kwenye ngozi ya mama yake Mwanaidi, aliyezikwa mwaka uliopita. Kila asubuhi Mwanaidi aliingiza vipimo kwenye kompyuta, na hesabu aliyoitunga mwenyewe ikamwambia azipe sukari kiasi gani, maana zikizidishiwa hutoa asidi inayoziua.

Asubuhi hiyo hesabu ilitoa sifuri.

"Basi ziache mpaka kesho," alisema Bi Tunu, mkuu wa maabara, akatoka.

Mwanaidi alikumbuka chai ya mwisho aliyompelekea mama, isiyo na sukari kwa amri ya daktari, na mama akimbembeleza: "Kijiko kimoja tu, mwanangu. Nani atajua?"

Akaufungua mfuniko wa chupa. Tone la maji ya sukari likaning'inia kwenye ncha ya mrija, likitetemeka.