Panya na Mpango wa Kanga

Ilikuwa Jumatano, saa tatu na robo asubuhi; umande ulikuwa haujakauka nyasini, kwa hiyo haikuweza kuwa saa sita, kama wengine wanavyodai. Panya alisimama mbele ya Ngiri, aliyekuwa na ghala tupu la kumkodishia yeyote atakayeleta mpango mzuri wa biashara.

Masika yalikuwa yamekaribia, na watoto wa Panya hawakuwa na pa kujisitiri. Kwa haraka yake, aliunakili mpango wa Kanga, mfanyabiashara makini wa ng'ambo ya mto, neno kwa neno, bila kuupitia hata mara moja.

"Wateja wetu," alisoma, "ni ndege wasio na pa kuhifadhia nafaka."

"Vyema," akasema Ngiri. "Na hatari ya biashara hii, bwana?"

"Hatari kubwa ni pa..." Panya akakohoa.

"Malizia, ndugu yangu."

"Panya," akajibu kwa sauti ndogo.

Kobe, jirani wa Ngiri, akaangua kicheko. "Angalau mwenzetu anajifahamu!"

"Na umejipangaje kuizuia?" Ngiri akauliza.

Panya akasoma lililoandikwa. "Paka atalala mlangoni, usiku na mchana."

"Mpango safi kabisa!" akasema Ngiri. "Ghala ni lako, mradi yote yatekelezwe kama ulivyoandika."

Paka akaitwa siku hiyo hiyo, akajinyoosha kizingitini.

Wanaodai kwamba Panya alinyimwa ghala wanakosea. Alipewa kihalali, pamoja na ufunguo, na ufunguo huo anao hadi leo.