Masizi ya Bi Mwanaheri

Mjini Kitundani, sheria ilitaka picha ya siku ya mabomu ikae kwenye ukuta wa kila sebule. Ilichorwa kwa rangi inayojibadilisha yenyewe, na kila mwaka Baraza la mji liliipunguza makali ili watu wasiumie. Mwaka juzi ndege zilitoweka angani. Mwaka jana moto wa sokoni uligeuka machweo. Asubuhi hii Bi Mwanaheri aliingia na birika la chai, akamkuta yule mama wa pichani, aliyempakata mwanawe, amefumba mdomo.

Mama yule alikuwa nyanya yake. Mchoraji alimchora akipiga ukelele.

"Amependeza, mama," alisema mkwewe, Rukia. "Na mtoto kama kalala tu."

"Hakulala."

Bi Mwanaheri alitoka uani, akawasha jiko la mkaa ambalo mtaa mzima ulimcheka kwa kulitunza. Alikwangua masizi chini ya sufuria, akarudi kuuchora mdomo wazi kwa kidole chake. Kufika adhuhuri ukuta ulikuwa umeyameza. Akapaka tena. Alasiri vilevile.

"Mama, ukuta huo hauchoki," Rukia alimwambia siku ya tatu.

"Na mimi umeniona nimekaa?"

Siku ya saba jirani yake, Mwanakombo, alipiga hodi ameshika kisahani, kama mtu aliyeishiwa chumvi.

"Nigaie masizi kidogo, shoga," alinong'ona. "Yule mama wa ukutani kwangu tangu jana ameanza kutabasamu."