Uso Chini ya Shuka

Inspekta Kiptanui alikuwa tayari ameshika ncha ya shuka, stima ikapotea. Kwenye televisheni ya Premlata ikabaki nukta moja nyeupe katikati ya kioo, nayo ikazimika.

Watu waliojaa nyuma ya duka lake la vitambaa, hapo Kitale, wakaguna pamoja. Mchezo ulikuwa wa daktari aliyesahau makasi tumboni mwa mgonjwa, kisha akaficha maiti mochari ili jamaa wasiione. Kila Jumapili inspekta anafika mpaka pale kitandani, na kila Jumapili kunatokea jambo. Mara simu inalia. Mara mlinzi aliyelishwa hongo anasema ufunguo haupatikani. Leo sasa ni stima.

"Hata hawa wa stima wamekula ya daktari," akasema Festus, fundi wa cherehani pale barazani.

Watu wakacheka. Nakhungu hakucheka. Alikuwa amekaa mbele kabisa, akajipiga goti kwa ngumi.

Huyu Nakhungu alikuwa mama mzee wa Malakisi, amekuja kukaa kwa binti yake mtaa wa Matisi. Siku ya kwanza alikuja kutazama tu kama wengine. Lakini lile shuka la mochari lilikuwa fupi, na mguu mmoja ukatokeza. Kidole gumba kilikuwa na kovu lililokipasua katikati. Mama mzee akainuka, akaenda mpaka kwenye kioo, akaweka kidole pale.

"Huu ni mguu wa mtoto wangu," akasema. "Alijikata na jembe kwa shamba ya tumbako. Ni mimi nilimfunga."

Premlata akaja akamshika bega, akamrudisha kitini.

Mumewe Prakash aliingia hospitali fulani kwa miguu yake mwenyewe, operesheni ndogo tu ya ngiri. Akarudishwa amefungwa kwa shuka, na amri kwamba asifunuliwe, ati ni sheria ya afya. Premlata alipouliza faili, ikawa haionekani. Alipomuuliza daktari, akawa amehamishwa. Shemeji yake Lalit, wakili huko Bungoma, alimwambia waziwazi kwamba mjane mmoja watamfukuza kama nzi. Atafute mwingine aliyetendewa vilevile, waende wawili.

Na sasa huyu hapa. Mama ambaye uchungu umemfanya amwone mwanawe katika kila maiti.

Premlata hakumuuliza kitu. Mtu aliyefiwa hachokonolewi. Akawakataza na wengine wote. Mama mzee akianza, "Huyu mtoto wangu, alipoenda Nairobi," Premlata anamshika mkono upesi, anamwambia asijiumize, anamwekea chai ya maziwa mengi na mandazi. Nakhungu anafungua mdomo, anafunga, anakunywa.

"Kwa hii nyumba mtu haongei," alinung'unika siku moja.

Festus peke yake ndiye asiyesikia makatazo. "Kukhu, si hii ni mchezo tu," akamwambia, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao. "Huyo mtu hajakufa, bana."

"Najua hajakufa," Nakhungu akamjibu kwa ukali. "Unanionaje, mimi mjinga?"

Akina mama wakatazamana, wengine wakafuta machozi. Premlata akamkata Festus jicho mpaka akatoka nje kushughulikia cherehani yake, ingawa ilikuwa Jumapili na hakuwa na kazi.

Basi Jumapili iliyofuata ile ya stima kupotea, Lalit akaja kutoka Bungoma na mkoba wake. Premlata alikuwa amemweleza yote. Mchezo ukiisha, wataketi na mama mzee, aseme polepole, Lalit aandike.

Stima ilikuwepo. Picha ilicheza kidogo, mtu akapanda kugeuza antena, ikatulia. Premlata akakaa karibu na Nakhungu, akamnong'oneza kwamba yule mwenye mkoba ni wakili, amekuja kwa ajili yao wote wawili.

"Kwanza nimwone uso," Nakhungu akasema, macho kwenye kioo. "Tangu aende sijamwona uso. Hayo mengine baadaye."

Premlata akashindwa kujizuia. Hakuwa amemwambia mtu mwingine hapo nyumbani.

"Hata mimi, mama. Prakash wangu pia walimfunika hivi hivi."

Nakhungu akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza vizuri. "Mzee wako pia? Na hawajamfunua?"

"Hawajamfunua."

"Aa, hawa watu," akasema mama mzee, akatikisa kichwa. "Wanatuchezea." Akaushika mkono wa Premlata, akaukaza.

Kwenye televisheni, daktari aliziba mlango kwa mwili wake. Inspekta akamsukuma kando. Hakuna simu iliyolia. Akashika ncha ya shuka, akalivuta mara moja.

Uso wa kijana ukajaa kioo, macho yamefungwa. Akina mama wakapiga kite. Premlata akamkamata Nakhungu mabega asije akaanguka. Lalit akafungua kalamu.

Nakhungu aliutazama ule uso. Akainamisha kichwa upande huu, upande ule. Kisha akacheka mpaka ufizi ukaonekana.

"Amenona!" akasema. "Alinitumia salamu ati amepata kazi kwa televisheni, lakini hakuniambia ni kazi ya kulala."

Akapangusa machozi ya kicheko, akaupigapiga mkono wa Premlata uliokuwa bado begani mwake.

"Na wewe usichoke kungoja, mama. Mzee wako wanamfunua Jumapili gani?"