Bega la Salme

Salme alilala chali mkekani, bega la kulia limetoka mahali pake. Bi Raya, mkandaji wa mtaa, aliketi ubavuni pake, akamwekea kisigino kwapani na kuushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Haya mwanangu, nisimulie ulivyoumia. Mimi navuta mtu akisema, ndipo mwili hulegea."

"Kateleza bafuni," alidakia mama mkwe wa Salme kutoka mlangoni.

"Sikukuuliza wewe, shoga. Bega ni lako?"

Salme akatazama dari. "Niliteleza bafuni," alisema kwa sauti ndogo.

Bi Raya akavuta. Msuli ukakaza kama kamba ya kitanda, bega likagoma.

"Hilo umefundishwa," alisema Bi Raya, akijipaka tena mafuta ya ufuta. "Nipe lako."

Nje ya dirisha lililoegeshwa, Nassoro, mume wa Salme, alikuwa barazani na wenzake wakinywa kahawa na kucheka.

"Basi sema polepole," mama mkwe alinong'ona. "Watasikia."

Salme akavuta pumzi.

"Nassoro kanisokota mkono!" alipaza sauti. "Nassoro, mume wangu, jana, mbele ya mama yake!"

Bega likaingia, ko! Barazani kicheko kikakatika.

"Limerudi," alisema Bi Raya. "Sasa pumzika, mama. Yamekwisha."

"Hayajesha."

Salme akainuka, mkono mbaya kaukumbatia kifuani, na kwa ule mzima akalisukuma dirisha likafunguka wazi. Wanaume, vikombe mkononi, wakainua nyuso.