Busu la Kiooni

Taa ya mlangoni ilipogeuka njano, Koku wa miaka mitatu aliacha uji wake akakimbilia chumba cha kioo, ambacho sasa kila nyumba nchini inacho. Akajifungia mwenyewe, wala hakulia. Mama yake, Kemilembe, akapiga magoti nje, wakabusiana kupitia kioo kama kila siku ya mazoezi ya mlipuko wa maradhi.

"Mwanao kaiva, mama Koku!" jirani alimsifu dirishani. "Maradhi yakija yatatukuta tayari. Wangu bado ananing'ang'ania kanga."

Kemilembe akacheka, lakini akamwonea jirani wivu.

Taa ikawa kijani, mlango ukafunguka. Akamkumbatia Koku, akambusu shavuni. Mtoto akajifuta, akarudi ndani, akabandika midomo kiooni.

"Hapa, mama," akasema. "Nibusu vizuri."