Saa Iliyotoka Chini ya Maji

Wazamiaji wa bandari walipoiopoa ile saa, kila mtu alimwambia Mwanakheri kuwa ni ya mumewe, mzamiaji mwenzao aliyepotea miaka mingi nyuma. Naye alitamani iwe kweli. Angekaa eda kama wajane wengine, watu wangekuja kulia naye, kisha angekuwa huru.

Aliipeleka dukani kwa Shebe, mkusanyaji wa saa kuukuu, pamoja na picha ya mume akipunga mkono wenye saa.

Shebe aliibandika lenzi jichoni, akakawia.

"Dada, saa hizi ni ndugu, ila si moja," alisema mwishowe. "Tazama pete ya juu, hii inayozunguka kioo. Hii ina alama za robo saa ya kwanza tu. Ya kwenye picha ina alama kuizunguka yote."

"Labda alibadilisha pete."

"Pete hubadilishwa, kweli. Na uso je? Ya shemeji haina kidirisha cha tarehe. Hii inacho."

"Tazama tena."

Shebe akatazama tena, kwa heshima tu, kisha akamrudishia picha.

Mwanakheri aliipokea. Mume hakuwepo, na eda nayo haikuwepo. Halafu akawaza kuwa saa hii pia ilikuwa na mkono ulioivaa, na mkono huo ulikuwa na mtu wa kuungojea nyumbani.

"Iweke dirishani," alisema. "Uso uelekee barabarani."

Shebe akaiweka. Mwanakheri akatoka, akasimama nje ya kioo, akawa anawatazama usoni wanawake waliokuwa wakipita.