Chumba Kisichotoa Sauti

Katika mtaa wetu sheria inataka kuta zinazomeza sauti. Ukifunga mlango wa chumba, hata mtu apige kelele namna gani, aliye sebuleni hasikii kitu. Nimechoka na ukimya huo. Nilitaka kuuza fleti yangu ya chumba kimoja nirudi Tukuyu, na wenzangu wa ushirika wa nyumba hizi walikuwa wameshakubali niuze.

Mnunuzi, Gervas, alikuja na mkewe Leokadia. Mke aliingia kuona chumba cha kulala, mlango ukajifunga. Sisi tukabaki sebuleni tukipiga soga za mpira.

"Mbona shemeji amekawia?" niliuliza.

"Achana naye, mzee. Anapima mapazia huyo."

Chai ilipoisha nikakumbuka kuwa kitasa hukwama kwa ndani. Nilikimbia kufungua. Leokadia alikuwa amesimama nyuma ya mlango, jasho linamtoka, viganja vyekundu kwa kugonga.

"Nimeita mpaka sauti imekauka," alisema.

Gervas alicheka. Akaufunga mlango, akaufungua tena. "Sikusikia hata chembe! Mzee, tunaichukua leo leo. Na kitasa usikitengeneze."

Leokadia hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi.

Siku hizi kuuza nyumba ni kuweka kidole kwenye skrini ya ukutani. Changu kilikuwa kimeshafika hapo. Nikakiondoa.

"Siuzi tena," nilisema.

Gervas hakukasirika. Alimshika mkewe mkono, wakaelekea nje.

"Hamna shida, mzee. Mtaa mzima nyumba ni hizi hizi."